Sebahire Alivyoshukuru kwa Bunduki

Siku hizi mtu akipewa kitu na mkubwa anakificha chini ya kitanda, na akiulizwa anakana hata mbele ya padri. Nimezeeka nikiona hivyo. Kwa hiyo nitaandika habari za Sebahire, mtu ambaye sikumpenda, aliyepewa kitu akashukuru mchana. Nitaandika na sehemu yangu pia, maana waliokuwepo karibu wote wamekufa na hakuna aliyebaki wa kunisahihisha.

Sebahire alikuwa jirani yangu hapa Goma, mtaa wa Mapendo. Alizaliwa Kibati, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, katika nyumba ya wafugaji. Ng'ombe wa baba yake waliisha kwa ugonjwa, na malisho yaliyobaki yakafungwa. Akashuka mjini na mke wake Donatille, akawa anauza maziwa ya ng'ombe wa watu wengine. Kila asubuhi alipita mbele ya nyumba yangu na vyombo viwili vya mti, akiwataja kwa sifa ng'ombe ambao hakuwa nao tena, mmoja mmoja, yule mwenye pembe pana, yule asiyerudi nyuma kwenye mteremko. Watu walitoka nje kumsikiliza. Maziwa yenyewe yalikuwa ya kawaida tu.

Hakujua kusoma. Kwenye karatasi aliweka kidole gumba. Mimi nilijifundisha kusoma bila mwalimu, kwa magazeti yaliyofungiwa chumvi, na Kifaransa nilikitoa kwenye kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, hivi kwamba hata leo maneno yanayoanza na V yananipa taabu. Nilikuwa karani wa bohari, nina kalamu mbili. Mwaka 1956 walipochagua watu watano wa baraza la cité, yaani makazi ya Waafrika mjini, walinichagua mimi, na siku hiyohiyo walimchagua Sebahire. Nilikaa naye benchi moja. Sikuweza kuelewa kwa nini kamusi yangu na ng'ombe wake wa hewani vilipimwa uzito sawa.

Kazi kubwa ya baraza letu ilikuwa kese ya wazee, yaani mfuko wao wa fedha. Kila mwanamume aliyelipa kodi aliongeza kidogo juu yake, na kwa kidogo hicho wajane na wazee wasio na mtoto wa kuwalisha walipewa, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, maharagwe, chumvi na kipande cha sabuni, na blanketi moja mvua zikianza. Dada yangu mkubwa Dancille, niliyemwita Yaya, alikuwa mmoja wao. Mume wake alikuwa mvuvi Vitshumbi, kiboko akapindua mtumbwi, naye akarudi kwangu bila mtoto. Aliishi katika chumba nyuma ya nyumba yangu. Mimi nilikuwa na watoto saba. Sikumnyima chakula, lakini kile cha kese alikipenda kuliko changu. Alikuwa akirudi na kikapu kichwani, akipita katikati ya uwanja polepole ili kila mtu aone.

"Haya ni yangu," alisema. "Sikuyaomba kwa mutu. Jina langu linaitwa, ninajibu, ninapewa."

Mwaka 1957 nyani na nguruwe wa mwitu waliharibu sana mashamba ya Kibati. Ni kweli waliharibu, sitaki kusema uongo. Lakini wenye mashamba makubwa ya kahawa na pareto walifanya kamati, na ndani ya kamati hiyo aliingia mzungu mmoja mwenye duka la bunduki na baruti. Wakaleta barua barazani. Walitaka kese ya wazee isimamishwe miaka mitatu, na fedha yake inunue bunduki za kushindilia baruti kwa ajili ya walinzi wa mashamba. Duka la kuuza bunduki hizo lilikwisha kutajwa ndani ya barua. Wenyewe waliona jambo hilo halina aibu.

Mkubwa wa baraza letu alikuwa Adalbert, mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa tumbo na wa mizani. Wa nne alikuwa Célestin, mwalimu wa katekisimu. Wa tano alikuwa Émile seremala, ambaye alisinzia tangu sala ya kufungua hadi ya kufunga.

"Nyani haogopi maharagwe ya mujane," alisema Adalbert siku barua iliposomwa. "Shamba likiliwa, hao wajane mutawapa nini? Mutawapa nyani?"

Nilisimama nikasema kwa muda mrefu. Nilisema juu ya haki, nikatia maneno ya Kifaransa yapatayo ishirini. Nilipokaa, Célestin alikuwa anachungulia dirishani. Ndipo Sebahire akasema bila kusimama:

"Mimi nyani wa Kibati ninawajua, tulikua pamoja. Wakiona muzee wanakimbia, wanafikiri ni mutoza kodi. Tupeleke wazee shambani na maharagwe yao, tumalize maneno."

Baraza lote likacheka, hata Émile aliamka akacheka. Na baada ya kucheka wakanyamaza wakafikiri, jambo ambalo maneno yangu hayakuwafanya. Adalbert akasema uamuzi usubiri mkutano wa mwezi ujao, Administrateur mwenyewe, mzungu wa serikali, atakapokuwapo kwa ajili ya bajeti. Tulitoka nje nikiwa na jasho. Mimi niliitetea kese kwa nusu saa, na aliyeiokoa siku ile alikuwa muuza maziwa.

Mwenye duka alikuwa na mtu wake wa kuwatembelea watu, kijana wa Stanleyville jina lake Florent. Alivaa kofia ya nguo, na baiskeli yake ilikuwa na taa inayowaka kwa mguu. Baada ya mkutano ule nilianza kuiona taa hiyo mtaani jua likizama. Jumanne ilisimama kwa Adalbert. Alhamisi ilisimama kwa Célestin. Nilijua inabeba nini. Kitu kirefu kimefungwa gunia nyuma ya kiti, kinaingia, na baiskeli inatoka nyepesi.

Nilijitayarisha. Niliandika maneno ya kumkatalia Florent, nikayasoma kwa sauti mpaka mke wangu Lucie akayajua. Nilimwambia aweke viti viwili vizuri karibu na mlango na anunue sukari.

"Kama utamukatalia, sukari ni ya nini?" Lucie aliuliza.

"Mutu anakataliwa kwa heshima."

"Na kama hutamukatalia?"

Sikumjibu. Sasa mimi ni mzee, naweza kujibu. Sikujua. Nilichokijua ni kwamba nilitaka aje. Bunduki ilikuwa kitu ambacho watu wa cité walikiona mkononi mwa polisi na mwa mzungu. Mwafrika aliyekuwa nayo kwa ruhusa ya serikali aliitwa papa, yaani baba, hata na waliomzidi umri. Nilitaka iletwe mpaka mlangoni kwangu, mtaa mzima uone imeletwa, ndipo niamue.

Jumamosi taa ilikuja mpaka kwangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, shati limepigwa pasi. Florent akashusha mguu mmoja chini, akavua kofia.

"Jioni njema, Papa Anastase. Nyumba ya Sebahire ni wapi?"

Nilimwonyesha. Nilinyoosha mkono wangu mwenyewe nikamwonyesha ule mlango wenye vyombo vya maziwa vilivyoanikwa juu ya mawe ya volkano. Walihitaji watu watatu kati ya watano, nami sikuwa hata katika hesabu. Usiku huo Lucie alitia sukari katika uji wa watoto, wote saba wakafurahi.

Siku tatu baadaye Sebahire aliniita. Alinifungulia mlango wa chumba cha ndani, akatoa bunduki chini ya mkeka, akaipakata kama mtu anayempakata ndama aliyezaliwa usiku. Alikuwa amekwisha kuipaka siagi kwenye kitako chake cha mti.

"Angalia, Papa Anastase. Tangu ng'ombe wa baba yangu waishe, hakuna mutu aliyenipa kitu. Huyu mutoto ameniona."

"Amekuomba nini?"

"Nimuone na mimi, siku ile ya baraza, kama Papa Adalbert na Papa Célestin. Unajua mutu akikupa ng'ombe huwezi kusimama upande mwingine." Alisema hivyo bila kujificha, kama mtu anayetaja siku ya soko. "Wajane wananiumiza roho. Dancille wako ananiumiza. Lakini nimekwisha kupokea."

Niliangalia bunduki. Ilikuwa nzuri. Kilichonichoma si kwamba wajane wangekosa maharagwe. Kilichonichoma ni siagi ile, namna alivyoipaka.

Watu wa leo hawajui, kwa hiyo nieleze. Kwetu sisi tunaosema Kinyarwanda, mtu aliyepewa ng'ombe hakukaa kimya. Alipika pombe ya ndizi, akaibeba mpaka kwa aliyempa, na mbele ya watu akasema, ng'ombe fulani ametoka kwa fulani, nimekuja kushukuru. Tuliita gukura ubwatsi. Kabla ya siku hiyo ng'ombe alikuwa kama kitu cha kuokota. Baada ya siku hiyo kila mtu alijua nani ni mtu wa nani. Aliyepokea bila kushukuru aliitwa mwizi aliyefunguliwa mlango.

Nikamwuliza Sebahire, na sauti yangu ilikuwa ya kirafiki:

"Umekwisha kupeleka pombe?"

Aliishusha bunduki juu ya mkeka. Uso wake ulibadilika.

"Alisema nisionyeshe mutu."

"Yule ni mutoto wa Stanleyville," nilimwambia. "Atajua wapi desturi yetu? Kwao wanapeana samaki. Wewe mutu muzima ndiye wa kumufundisha. Baba yako angepokea ng'ombe gizani akanyamaza?"

"Hapana. Baba yangu hapana."

"Basi fanya mchana. Siku ya baraza Florent atakuwapo na bwana wake, watu wote watakuwapo. Hakuna siku nzuri kuliko ile."

Alinishika mikono yote miwili. Alisema alikuwa hapati usingizi tangu Jumamosi, hakujua ni nini kinamsumbua, kumbe ni hicho. Nilirudi nyumbani nikala vizuri. Wiki nzima niliona Donatille akibeba ndizi zilizotoka Sake, nikasikia harufu ya mtama ukikaangwa kwa ajili ya kuchachusha, na kila asubuhi Sebahire alinipungia mkono akipita na maziwa. Nilipunga na mimi.

Siku ya baraza nyumba ilijaa. Administrateur alikaa mezani na karatasi zake. Mwenye duka la bunduki alikaa nyuma na wenzake wawili wa kamati, Florent akiwa amesimama karibu nao. Nje walikaa wajane juu ya nyasi, Dancille kati yao, kikapu kitupu magotini ingawa haikuwa Jumatatu. Walikuja kusikia kama majina yao yataendelea kuitwa. Kiti cha Sebahire kilikuwa kitupu.

Adalbert alikuwa amekwisha kufungua kinywa aulize nani anakubali barua ya kamati, tuliposikia mtu anasifu ng'ombe barabarani. Sebahire aliingia amevaa shuka nyeupe, fimbo mkononi. Nyuma yake Donatille alibeba mtungi wa pombe, majani ya mgomba yamefunga mdomo wake. Walipita katikati ya watu, wakapita mbele ya meza ya serikali, wakaenda moja kwa moja mpaka kwa Florent. Donatille akauweka mtungi miguuni pake.

"Florent, mutoto wa watu wazuri," alisema Sebahire, na sauti yake ilikuwa ileile ya asubuhi, iliyowatoa watu nje. "Nilikuwa mutu bila ng'ombe. Ukaniona. Ukanipa bunduki yenye mudomo murefu, yenye mugongo wa siagi, isiyorudi nyuma. Nimekuja kushukuru mbele ya serikali na mbele ya wajane. Usikasirike juu ya Papa Adalbert na Papa Célestin. Wao pia walipokea kama mimi, ila pombe yao haijaiva."

Nilisikia pombe ikichemka ndani ya mtungi.

Administrateur alijua Kiswahili vizuri. Aliweka kalamu chini.

"Bunduki gani?" aliuliza.

Sebahire alifurahi kuulizwa. Alieleza yote: siku, baiskeli, gunia, na maneno waliyoambiana. Administrateur alimwuliza kama alikuwa na karatasi ya ruhusa. Akasema hana karatasi, lakini leo ana mashahidi, wote hawa. Alionyesha watu kwa mkono, na mkono ulipofika kwangu ukasimama kidogo, akatabasamu. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu.

Barua ya kamati haikupigiwa kura siku hiyo wala siku nyingine. Mwenye duka alisema mfanyakazi wake alifanya bila kumwambia, na Florent akaondoka Goma juu ya lori la chumvi kabla ya Jumapili. Adalbert alirudisha bunduki yake dukani saa ileile kwa mlango wa nyuma, akasema hajawahi kuiona. Célestin alisema aliazima tu, aangalie namna inavyotengenezwa. Walitolewa barazani na hakuna zaidi. Sebahire ndiye aliyeleta bunduki mwenyewe, imepakwa siagi, akaiweka mezani. Kwa kuwa na bunduki bila ruhusa alifungwa siku kumi na nne. Alipotoka, wenye ng'ombe hawakutaka tena maziwa yao yabebwe na mfungwa. Akarudi Kibati, kwenye kipande cha shamba la mjomba wake, chini ya msitu wa nyani.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata majina ya wajane yaliitwa kama kawaida. Mimi niliyaita, kwa kuwa walinifanya mkubwa wa baraza. Wajane waliniita mutetezi wao. Nilizoea haraka.

Ilipita miezi miwili. Siku moja ya kugawa maharagwe, wajane wakiwa wamejaa uwanjani, Sebahire alikuja kwa mguu kutoka Kibati, amekonda, shuka ileile nyeupe. Donatille alikuwa nyuma yake na mtungi mdogo kuliko wa kwanza. Niliujua mwendo wao. Nilitaka kuingia ndani, lakini alikuwa amekwisha kuanza kusifu.

"Papa Anastase," alisema, na wajane wote waligeuka, "nilikuwa nimekamata kitu gizani, kingeniua roho. Ni wewe uliyeniambia nishukuru mchana. Ni wewe uliyeniambia siku ya baraza, mbele ya watu. Walinifunga, lakini nilikwenda kulala kule nikiwa mutu safi. Nimekuja kushukuru kwa shauri hilo."

Akauweka mtungi miguuni pangu.

Nilimwangalia machoni nitafute kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Ningependa sana kama angenidhihaki. Mke wa Adalbert alikuwa anapita njiani, alisimama akasikia yote. Dancille alikuwa wa tatu kwenye mstari. Aliniangalia mimi, halafu mtungi, halafu mimi tena. Alinijua tangu nikitambaa.

Kwa desturi aliyeshukuriwa husema neno jema na kumwahidi kitu mwenye kushukuru, na mtungi hurudishwa siku nyingine ukiwa na kitu ndani. Mimi nilisema asante, kazi ni nyingi, nikaendelea kuita majina. Sebahire alingoja kidogo. Halafu alimshika Donatille mkono, wakarudi kwa njia waliyojia.

Jioni Dancille alikuja mlangoni.

"Mudogo wangu, ulimupeleka kufungwa?"

"Yaya, unakula maharagwe au hauli?"

"Ninakula. Ninakuuliza kingine."

Pombe niliiacha ikawa chungu, Lucie akaimwaga. Mtungi ulikaa pembeni mwa nyumba. Kila mwezi Dancille aliuliza kama umerudi Kibati, na kila mwezi nilisema nitaupeleka. Nilifikiri niweke nini ndani yake. Nikiweka kidogo, watu watasema mkubwa wa baraza ni mchoyo. Nikiweka kingi, watasema analipa kosa. Mvua zikaanza. Habari zilikuja kwamba nyani wamemaliza mahindi ya Sebahire, na hapakuwa na bunduki Kibati nzima ya kuwafukuza.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi niliita jina la Dancille, akajibu, akapewa. Hakupita katikati ya uwanja kama siku zote. Alikwenda moja kwa moja pembeni mwa nyumba yangu, akaupangusa mtungi kwa kitambaa, akamimina ndani yake maharagwe yake yote, akaweka chumvi na sabuni juu. Blanketi jipya alilipiga kata, akalitia chini ya mtungi, akajitwisha.

"Yaya, ni mbali," nilisema. "Na wewe utakula nini?"

"Nitakula kwako," alisema. "Hukuniambia una chakula?"

Nilisimama mlangoni nikamwangalia akiishika barabara ya Kibati, mwanamke wa miaka sitini, mgongo umenyooka. Watu wa Mapendo walitoka nje kumwona. Mimi nilikuwa mkubwa wa baraza, nina kalamu mbili na kamusi, na hakuna mtu, isipokuwa Sebahire na mke wake, aliyewahi kubeba kitu umbali ule kwa ajili yangu. Nilimwonea wivu Sebahire kwa maharagwe yale mpaka mtungi ulipopotea nyuma ya mawe.